Nauli Hairudishwi

Kwa kawaida wanaosifiwa ni mashujaa na maharusi. Mimi leo nasimama kuyasifu maneno mawili yaliyochapwa chini kabisa ya tiketi ya basi, kwa herufi ndogo kama sisimizi: nauli hairudishwi.

Nayajua vizuri. Nilipata saa tatu nzima za kuyasoma, pale kwenye mteremko juu ya Mto wa Mbu, ndani ya Coaster iliyotoka Karatu asubuhi kwa nia njema kabisa ya kufika Arusha. Mkanda wa feni ulikatika. Fundi alikuja na bodaboda, akaleta mkanda wa gari jingine. Land Cruiser za Ngorongoro zilitupita, watalii wakatupiga picha sisi na nyani kwa pamoja.

Sifa kuu ya maneno haya ni uaminifu. Ndoa yenyewe haifui dafu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamruhusu aliyetoa zawadi kwa ajili ya ndoa ambayo haikufungwa aende mahakamani kuidai. Mke wa Kiislamu aliyemchoka mumewe anaweza kurudisha mahari, akajivua kwa khului. Ng'ombe wa mahari nao wazee huwakalia kikao, wakawahesabu mpaka ndama. Nauli haina kikao. Ukishamkabidhi konda, mmefungishwa pingu za maisha: kwa shida na raha, kwa pancha na gia iliyogoma, mpaka stendi ya Arusha itakapowatenganisha.

Sifa nyingine nizitaje harakaharaka: yanafundisha subira, yanakuza soko la ndizi nyekundu za Mto wa Mbu, na yanawapumzisha mahakimu.

Nawahurumia Wazungu. Kwenye reli za Umoja wa Ulaya, treni ikitarajiwa kuchelewa dakika 60 au zaidi, abiria anaruhusiwa kuiacha safari na kudai nauli yake, hata ya kipande alichokwisha kusafiri kama safari haina maana tena kwake, na arudishwe alikotoka. Mapenzi gani hayo ya kuvunjika kwa dakika 60? Sisi wa Karatu treni hatuna, reli yetu ya karibu inaishia Arusha, lakini uvumilivu tunao wa kutosha mabehewa.

Hata hivyo nilijaribu. "Kijana," nikamwambia konda, "mimi nashukia hapa. Nirudishie ya kutoka hapa mpaka Arusha."

"Mzee, si umesoma tiketi?"

"Nimesoma. Imeandikwa kuondoka saa 12:00. Tumeondoka saa moja na nusu."

"Hiyo ni makadirio tu, mzee."

Karatasi moja, wino mmoja. Mstari unaolifunga basi ni makadirio. Unaonifunga mimi ni msahafu.

Mbele yangu alikaa mama mwenye magunia mawili ya vitunguu vya Mang'ola. Mteja wake alikuwa anamsubiri Soko la Kilombero, na simu ilikuwa inaita kila dakika kumi. Mwishowe aliyashusha mwenyewe kwenye keria, akasimamisha Noah, akalipa upya: yeye na magunia. Konda hata mkono hakumpa. Hapo utani ukaniisha. Masharti ya leseni za mabasi chini ya LATRA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya 2019, yanamtaka mwenye basi lililoharibika njiani awatafutie abiria usafiri mwingine au awarudishie nauli. Mwenye basi anayajua. Leseni kaomba mwenyewe. Ila kwenye tiketi yake nafasi ilitosha maneno mawili tu.

Nikageuka nyuma nikayasema hayo kwa sauti. Mwalimu mmoja akainamia simu yake. Baba mmoja akaniambia, "Tulia mzee, tutafika tu."

Saa sita Coaster nyingine ikaja kutufaulisha. Konda akatangaza: kila mmoja aongeze elfu moja. Nikangoja mtu agune. Nilichosikia ni zipu za pochi.

Nikatoa na mimi. Ndoa yetu, kama mnavyoona, ni imara.