Taa Kwanza

Kijana wa mjini akitaka kompyuta ya gemu kwa bei poa, haanzi na kadi ya picha. Anaanza na taa. Kasha la kioo, feni zinazowaka rangi zote za harusi, halafu ndani, hamadi! Ubao mama wa Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, mstaafu wa ofisini aliyekuja Kariakoo kwa kontena. Kadi ni RX 580. “Haijatumika sana, bosi,” muuzaji anaapa. Huenda ilikesha miaka ikichimba sarafu ya kidijitali ya Ethereum mpaka uchimbaji ukafungwa 2022. Pawa saplai haina hata jina. Imeandikwa wati 500, nyepesi kama mkate wa boflo. Gemu likinoga tu, kompyuta inajizima. Taa zilipendeza, lakini.