Namna ya Kuwa Bingwa Asiyeeleweka

Hongera, Dokta, kwa kuhitimu. Udaktari umefundishwa Dar es Salaam tangu 1963, na kwa Kiingereza. Umekitafuna miaka mitano, ukaongeza na mwaka wa utarajali. Itakuwa hasara kiishie kwenye mitihani.

Mgonjwa atakwambia gesi imepanda kifuani, mgongo unawaka moto, ganzi inatembea. Usimuulize inatembea kutoka wapi kwenda wapi. Foleni ni ndefu. Mgeukie nesi, umwage Kiingereza sentensi tatu, kisha mtikise vichwa wote wawili. Mgonjwa atajua papo hapo kwamba anakufa.

Ukilazimika kusema Kiswahili, chagua cha kamusi. "Mama, majibu yako ni chanya." Kwenye semina za ujasiriamali amefundishwa kwamba fikra chanya ndizo njema, kwa hiyo atamshukuru Mungu. Mwache amalize kushukuru kwanza.

Ila ubingwa wenyewe uko kwenye saa. Kwenye cheti cha dawa andika tds, yaani mara tatu kwa siku, kifupisho cha Kilatini, lugha isiyo na kijiji hata kimoja Tanzania nzima. (Mahakama ziliamriwa kutumia Kiswahili mwaka 2021; usishtuke, cheti cha dawa hakikuguswa.) Kisha mwambie bibi kwa mdomo: "Kila saa nane." Saa nane ya bibi ni mchana, baada ya ugali. Atameza kidonge kimoja kwa siku, saa nane kamili, bila kukosa. Akirudi hajapona, andika kwenye faili kwamba hafuati maelekezo. "Asubuhi, mchana, usiku" ni maneno ya muuza duka la dawa, na ndiyo maana watu huanzia kwake.

Na kama bibi anajua Kisukuma tu? Mkalimani wa nini, mjukuu yupo, ana miaka kumi. Pitia kwake uulize habari za ukeni. Mtoto atainamisha kichwa, bibi atatazama dirisha, jibu litakuwa "hapana." Weka tiki.

Jihadhari tu na yule tabibu wa zahanati ya jirani. Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Anasema presha, anasema kansa, huanza na "pole, bibi," na Kisukuma chake hakivuki salamu ya "mwangaluka." Vidonge anavyotoa ni vilevile vyako. Lakini wagonjwa wanaapa kwamba daktari ni yule, na foleni uliyokuwa ukiilalamikia imehamia kwake. Jana ilifika kwenye mwembe.