Mshumaa wa Dirishani Usiounguza Pazia

Pazia halijui sikukuu. Upepo ukilisukuma hadi kwenye mshumaa wa nta, litawaka usiku wa Krismasi sawasawa na Jumanne yoyote. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya kupamba dirisha ni kuondoa moto wote: wa mshumaa, wa kibatari, na hata ule ambao shemeji ameahidi kuuangalia.

Waswidi waliliona hilo mapema, na walikuwa na sababu. Desemba jua la Stockholm huzama kabla ya saa tisa alasiri, basi watu huweka taa madirishani. Mwaka 1934 Oskar Andersson wa Göteborg, mfanyakazi wa Philips, alichukua balbu ndogo za mti wa Krismasi akazipachika kwenye kinara cha mishumaa. Kampuni ilianza kuunda vinara hivyo mwaka 1939, na leo viko karibu kila mtaa wa Uswidi.

Mheshimu Andersson, lakini usimwige kila kitu. Kinara cha mtindo huo hubeba balbu saba za volti 34, wati 3 kila moja, zilizofuatana kwenye waya mmoja wa umeme wa nyumba. Saba mara 34 ni 238, karibu kabisa na volti 230 za ukutani, za Uswidi na za Tanzania vilevile. Maana yake soketi ya balbu ndogo kuliko kidole gumba inaweza kumpiga mtu shoti kamili ya ukutani. Tena balbu moja ikiungua zote huzima, ndipo baba mwenye nyumba anapoanza kuzichokonoa moja moja huku plagi iko palepale. Baba, chomoa kwanza.

Umeme wa ukutani ubaki ukutani. Dirishani peleka volti 5 tu, kutoka kwenye chaja ya simu iliyo imara, si ile iliyonunuliwa kwenye foleni ya magari inayochemka kabla simu haijafika nusu. Funga LED saba sambamba, kila moja na rezista yake ya ohm 220. LED nyeupe hutumia takriban volti 3. Volti 2 zinazosalia huishia kwenye rezista, na mkondo unakuwa kama miliampea 9. Zote saba hazifiki nusu wati, wakati balbu za zamani zilikula wati 21. Usizilazimishe LED zote zichangie rezista moja, kwa kuwa hazilingani na moja itabeba mkondo wa wenzake.

Mguu mrefu wa LED ni chanya. Viungo vyote vilehemu kwa risasi na uvifunike vizuri. Kusokota waya na kuuzungushia plasta ya kidonda si kazi ya umeme. Kitako kiwe cha ubao mpana na mzito, waya ubanwe ndani yake, ili paka akivuta asing'oe kiungo. Chagua mwanga wa kelvini 2,700 au chini, maana ule mweupe wa kibluu utalifanya dirisha lako lifanane na la zahanati.

Penye watoto, betri bapa za duara zisiingie kabisa. Hapa sitaki mjadala. Mtoto akiimeza, inaweza kumuunguza koo vibaya ndani ya saa mbili, na mara nyingi hakuna aliyemwona akimeza. Kama tayari unacho kinara cha betri hizo, hakikisha kifuniko chake kinafungwa kwa skrubu.

Ukimaliza, kiwashe kwa saa mbili ukiwa nyumbani, kisha kichomoe na ushike LED na rezista zote. Zinapaswa kuwa baridi mkononi. Kukiwa na joto lolote la kukushtua, usikiwashe tena mpaka ujue chanzo chake. Na hata kikifaulu, kizime kabla ya kulala.