Anko, Punguza Kelele

Mpwa wangu anasoma Tokyo, na ana tabia ya kupiga simu ya video wakati nina mambo yangu. Juzi kanikuta stendi ya Msamvu, saa nne asubuhi, nasubiri basi la Ifakara lililobeba kiroba changu cha mchele. Kwao ilikuwa saa kumi jioni.

"Shikamoo anko! Leo nakutembeza bustanini."

Sikuomba kutembezwa, na bando linaloungua ni langu pia. Lakini mtoto wa dada humkatalii.

Bustani yenyewe inaitwa Koishikawa Korakuen. Alianza kuijenga Tokugawa Yorifusa, bwana wa Mito, mwaka 1629, na mwanawe Mitsukuni akaimalizia. Hebu fikiria: Tokyo ile ya magorofa na watu kubanana, halafu wameacha bustani ya karibu miaka 400 imekaa tu katikati ya mji, haina fremu hata moja ya kupangisha, haina kibanda cha vocha. Kiingilio ni yeni 300, tuseme shilingi elfu tano hivi, ukishalipa unazurura.

Akasimamisha simu mbele ya daraja la mawe. Upinde wake ni nusu duara, nusu ya pili iko kwenye maji, ukizitazama pamoja unaona mwezi mpevu. Nikakohoa kidogo ili niseme neno la kiutu uzima. Hapo hapo nyuma ya sikio langu: "Dodoma Dodoma Dodoma! Mzee, Dodoma hiyo, siti ya dirishani!" Sauti ikafika Tokyo kabla ya neno langu. Nikaona vibibi viwili vyenye kofia vinageuka kumkodolea macho kijana wa watu.

"Anko, punguza kelele, watu wananiangalia."

Nipunguze kelele! Msamvu! Mahali inapokutana njia ya Dar, ya Dodoma na ya Iringa, kila mpiga debe kifua chake ndicho spika yake, mimi ndiye wa kupunguza?

Na wala huko kwao si kimya hivyo. Jirani na bustani kuna Tokyo Dome, uwanja wa besiboli uliofunguliwa mwaka 1988, paa lake jeupe linachungulia juu ya miti. Pembeni yake kuna vigari vya reli vinavyopanda na kuporomoka, watu wanalipa ili wapige mayowe. Sisi huduma hiyo tunaipata kwenye mteremko wa Kitonga, imo ndani ya nauli.

Kisha akanionyesha jaruba la mpunga. Eti Mitsukuni aliliweka humo ili mke wa mrithi wake azijue taabu za wakulima. Siku hizi hupandwa na watoto wa shule. Hapo nilimkatisha. Nilipe kiingilio nitazame mpunga? Huyo bibi angeletwa kwenye mashamba ya mpunga ya Dakawa msimu wa kuamia ndege, taabu angezijua kabla ya saa sita mchana.

Lakini kilichoniudhi hasa ni kilima. Kimerundikwa kwa mikono ya watu, kikiiga mlima Lu ulioko China. Wenzetu wamebeba udongo kuiga mlima wa nchi nyingine, na sisi tumewekewa Uluguru wenyewe hapa juu ya vichwa vyetu. Kilele cha Lupanga kina mita 2,138, na mito ya milima hiyo inaingia mto Ruvu ikawanyweshe watu wa Dar es Salaam, ambao wakipita hapa hununua karanga na kuondoka bila ahsante. Nikageuza simu nimwonyeshe kijana mlima wa kweli.

"Anko, mbona naona tangazo la sabuni?"

Nikasogea kushoto. Nyaya za umeme. Nikasogea tena. Ubavu wa basi la Mwanza. Nikapanda juu ya tofali, nikapata kipande cha mlima, na mbele yake binti wa kwenye bango la pili anacheka kwa meno yote.

Mpwa wangu akaona huruma, akanipa somo. Mafundi wa bustani za Kijapani, anasema, huazima mlima: hupanga miti na uzio kiasi kwamba mlima wa mbali unaonekana ni sehemu ya bustani. Hekalu la Entsu-ji kule Kyoto limeazima mlima Hiei namna hiyo. Tena Kyoto, tangu mwaka 2007, wameshusha kikomo cha majengo ya katikati ya mji kutoka mita 45 hadi 31, na mabango ya juu ya mapaa wakayapiga marufuku. Wao mlima ni wa kuazima na wanautunza hivyo. Sisi wetu ni wa kupewa, tumeukodisha kwa wauza sabuni.

Bando likakata. Nikatafuta kivuli, nikaona mwarobaini mmoja wenye viti vya plastiki. Sijakaa vizuri, dada kafika: "Baba, nikuletee nini?" Nikasema napumzika tu. Akanitazama, akafuta meza, akaifuta tena, mpaka nikaagiza soda ambayo sikuwa na kiu nayo. Nikaletewa ya moto.

Wenye mabango ya Msamvu, sabuni yenu tumeijua na tunaifulia. Shusheni basi hayo mabango kidogo, japo futi sita. Na mwenye nafasi atuwekee benchi moja chini ya mti, lisilo na meza.