Mhadhara wa Mtaalamu wa Msongamano

Mgeni rasmi, meza kuu, wadau wa elimu, na ninyi mliokuja kwa ajili ya soda: itifaki imezingatiwa. Mbele yenu amesimama mtaalamu bingwa wa msongamano shuleni. Cheo hiki sikupewa na chuo chochote. Vyuo vilichelewa, nikajitunuku mwenyewe ili taifa lisipate hasara.

Tuanze na historia, maana msomi asiyeanza na historia hulipwa nusu posho. Mwaka 2001 Tanzania ilifuta ada katika shule za msingi, na mwaka uliofuata ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM). Kenya ilifuta ada mwaka 2003. Mwaka mmoja baadaye, huko Eldoret, mzee Kimani Maruge akavaa kaptula na soksi ndefu, akajiandikisha darasa la kwanza akiwa na miaka 84. Wengine walishangilia. Mimi nilijiuliza swali la kitaalamu: huyu babu anakalia dawati la nani? Kisha Januari 2016 Tanzania ikaanza elimu bila ada hadi kidato cha nne, na mama lishe, mchoma mkaa na bibi anayelea wajukuu wakajaa kwenye ofisi za walimu wakuu, kila mmoja kamshika mtoto mkono. Utafiti wangu umebaini kwamba maskini walikuwa na watoto siku zote. Tulikuwa hatujawahesabu tu.

Sasa hesabu. Kipimo cha serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa. Chukueni darasa lenye 150. Kulipata hakuhitaji tochi. Kipindi ni dakika 40. Gawanyeni: kila mtoto anaambulia sekunde 16 za mwalimu. Wapinzani wangu wanasema ni chache. Jamani, sekunde 16 zinatosha kabisa kumuuliza mtoto jina lake, na likiwa fupi, hata la baba yake. Kusahihisha ndiko kutamu zaidi: dakika mbili kwa kila daftari, madaftari 150, ni saa tano. Mwalimu akianza saa tisa alasiri anamaliza saa mbili usiku, muda mwafaka wa kuandaa somo la kesho. Kuhusu vyoo sitasema kitu, kwa kuwa naona chakula kinaletwa.

Msidhani nazungumza kwa kusikia. Nilifanya utafiti wa uwandani: nilichungulia darasa la pili kupitia dirisha, dereva akinisubiri bila kuzima gari. Watoto watano walikuwa kwenye dawati la watatu. Wa pembeni amekalia upande mmoja, mguu mmoja ameukaza sakafuni asidondoke. Nyuma yao, walioketi chini wanaandikia magotini, na jirani akijikuna tu, herufi ya mwenzake inapanda mlima. Mwalimu akauliza swali, vidole vikajaa hewani. Akajibu yuleyule wa mbele aliyejibu lililopita. Nikaandika katika daftari langu: usawa umepatikana, wengi wao hawauoni ubao.

Nadharia yangu nimeichota kwenye daladala. Je, mmewahi kumsikia konda akitangaza kwamba gari limejaa? Husema: sogea nyuma, nafasi ipo. Huo ndio uongozi.

Wapo wanaotaka mlango ufungwe, eti kulinda ubora. Huo ni ukatili, tena wa kishamba, kwa sababu unaonekana. Mimi nina mizani bora. Mtoto wa mvuvi apokelewe kwa tabasamu, aandikishwe, apigwe picha. Kisha kila Jumatatu arudishwe nyumbani kufuata mchango wa hiari, mpaka azoee kubaki huko. Kwenye takwimu bado ni mwanafunzi. Darasani ametupunguzia joto. Kwa namna hiyo tumekuza fursa, tumepunguza msongamano, na hakuna aliyefukuzwa. Naomba hapo mpige makofi.

Mama mmoja mwalimu mkuu amenyoosha mkono. Anasema: "Mheshimiwa, ruzuku ya mtoto wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na mlango mmeufungua ninyi. Sisi tulitegemea mkishafungua mlango mtaleta na walimu, mtajenga na madarasa. Mtoto hajakosea kuja shule." Swali zuri sana, mama. Litajibiwa kwa maandishi.

Mwingine ananiuliza wanangu wanasoma wapi. Wako shule ya kulipia, darasa la watoto 25, basi linawafuata mpaka getini. Msinielewe vibaya: siwakimbizi. Nimewaachia wanyonge nafasi mbili, na fadhila hiyo sijawahi kuitangaza kabla ya leo.

Nihitimishe kwa kutoa tafsiri ya kitaalamu itakayotumika nchi nzima. Shule ya serikali itahesabiwa kuwa imejaa siku ambayo mtoto wa mkubwa atakosa dawati humo. Siku hiyo mtaniona mimi mwenyewe nimebeba tofali, na kufikia Ijumaa darasa jipya litakuwa limeezekwa na walimu wameripoti. Kwa kuwa siku hiyo haijafika, natamka rasmi kwamba msongamano haupo. Fomu za posho zinasainiwa mlangoni, tafadhali msisukumane.