Barua ya wazi kwa Mhashamu Baba Askofu, kuhusu mkutano wa wakuu wa shule

Mhashamu Baba Askofu,



Kwa heshima na unyenyekevu wote napiga goti kuibusu pete yako, kisha naomba ruhusa ya kusema hadharani jambo ambalo kwa kawaida lingepitia kwa Katibu wa Elimu wa Jimbo. Naliandika waziwazi kwa sababu wakuu wa shule za Kanisa wenye kilio hiki wamo katika majimbo mengi, na neno lako, Baba, husikika mbali.

Pokea kwanza shukrani zetu. Mkutano wetu wa mwaka upo kwa kuwa wewe umeuridhia na Jimbo linaugharimia. Misa unayotuadhimishia asubuhi ile huturudisha vituoni tukiwa na moyo mpya. Nasema kweli mbele ya Mungu.

Ombi langu ni moja, Baba Askofu. Ikikupendeza, orodha ya ufaulu isisomwe tena ukumbini.

Utambulisho na salamu zikiisha, projekta huwashwa na shule zetu huoneshwa ukutani kwa wastani wa Kidato cha Nne, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Wakuu wa zile za chini huombwa wasimame, watoe maelezo. Nimewahi kuketi jirani na sista mmoja, mgeni katika ukuu wa shule, aliyekuja na daftari lenye maswali aliyotoka nayo kituoni. Nililiona kwa sababu lilikuwa wazi mapajani mwake: mwalimu wa Fizikia aliyeondoka katikati ya muhula, karakana ya mkondo wa amali, na mstari mmoja ulioanza na maneno “msichana wa Kidato cha Pili”. Zamu yake ilipofika alisimama, akaomba radhi, akaahidi kwamba mwakani watajitahidi zaidi. Alipoketi alilifunga daftari, na hadi tunaagana hakulifungua tena.

Niruhusu, Baba, nikae kidogo kwenye mstari ule wa mwisho. Mtoto wa bweni akimnong’oneza matroni jambo zito, mkuu wa shule hulazimika kuamua usiku uleule. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aipeleke kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Lakini nani aitwe kwanza, mtoto alale wapi, mzazi aambiwe nini na kwa maneno gani, mtumishi anayetajwa aondolewe vipi karibu na watoto kabla ya ushahidi kuharibika, hayo mtu hujifunza kwa aliyekwisha kuyapitia. Wapo wakuu wenzetu waliokwisha kuyapitia. Siku ile walikuwa mle mle ukumbini, viti vichache kutoka kwa sista yule. Nani atasimama kuuliza swali kama hilo, dakika chache baada ya jina la shule yake kuoneshwa mkiani mwa orodha?

Haya mengine unayajua kuliko mimi. Serikali ikitangaza ajira, walimu wetu wa sayansi huondoka, na kuwalaumu siwezi. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeleta mkondo wa amali, unaodai karakana, vifaa na mafundi wanaojua kufundisha.

Tena, kwa unyenyekevu, orodha inatuamulia nani asikilizwe. Wakati wa chakula cha mchana mkuu mmoja alitueleza, tukiwa chini ya mwarobaini, jinsi shule yake inavyopokea mahindi badala ya sehemu ya ada. Bei hupangwa na wazazi wenyewe kikaoni kabla ya mavuno, kila gunia hupimwa mbele ya mleta, na stakabadhi huandikwa kwa jina la mwanafunzi. Alituchorea safu za leja yake nyuma ya karatasi ya ratiba, nasi tukanakili. Kwake mtoto harudishwi nyumbani kwa ajili ya ada katika miezi ya njaa. Shule yake ilikuwa ya tatu kutoka mwisho, basi ukumbini hakuna aliyemwomba aseme neno.

Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, nalo ndilo lenye matokeo ya nchi nzima. Sisi tuna seminari inayochuja waombaji kwa mtihani, na tuna sekondari inayompokea kila mtoto anayeletwa na parokia. Kuzipanga katika safu moja ni kumpongeza mmoja kwa wanafunzi aliowachagua na kumwaibisha mwingine kwa wale aliowakubali.

Matokeo hatuyakimbii, Baba Askofu. Niite ofisini kwako, unihoji jina kwa jina, nami nitajibu kwa ajili ya kila mtoto aliyepata sifuri shuleni kwangu. Saa zile za orodha utupe tukae meza kwa meza kufuatana na shida zetu: wenye mabweni pamoja, wenye karakana pamoja. Afisa ustawi wa jamii aalikwe. Na kama si kukuomba kupita kiasi, baada ya Misa usiondoke; uketi nasi kwenye meza mojawapo na kusikiliza. Uwepo wako hapo utawapa ruhusa ya kusema wale ambao hawajawahi kusema.

Rasimu ya ratiba hufika mezani kwako kabla barua za mwaliko hazijatoka. Kipengele chenyewe huandikwa “Tathmini ya matokeo”. Nakusihi, kwa heshima zote, ukifute kwa kalamu yako mwenyewe.

Naomba baraka zako.

Mwanao katika Kristo,
Mkuu wa shule mmoja wa Jimbo lako