Sifa kwa mhariri asiye na pupa

Watu wana haraka za bure. Mmarekani Harlan Ellison alitoa mkusanyiko wa hadithi fupi za kisayansi, Dangerous Visions, mwaka 1967, akaongeza wa pili 1972. Wa tatu, The Last Dangerous Visions, uliahidiwa tangu miaka hiyo ya sabini, ukatoka 2024, miaka sita tu baada ya yeye kufariki. Eti umechelewa! Kwani pilau ya harusi hupakuliwa mbichi?

Waandishi walimletea habari za wakati ujao. Yeye, muungwana, akawatunzia hadi wakati wenyewe ufike. Wahariri wengine husimulia safari za wakati karatasini tu. Huyu aliwasafirisha waandishi wake kwelikweli, bila mashine wala nauli, ingawa kadhaa (Mungu awarehemu) hawakufika kituoni. Wapo waliochomoa hadithi zao wakazichapisha kwingine. Safina ya Nuhu nayo isingekosa wa kuruka baharini kabla ya mvua.

Mwingereza Christopher Priest hata aliandika kijitabu kizima kuuliza kitabu kiko wapi. Kijitabu chenyewe, masikini, kilikamilika mwandishi akiwa hai.